Papa Zéro Amekataa Kutia Sahihi

Munisamehe kabla sijaanza, maana nikishaanza sitawapa nafasi. Habari hii ilihitaji mtu mwenye kichwa kilichotulia, aliyesoma mambo ya kompyuta, asiyeruka mbele na kurudi nyuma. Bahati mbaya watu wa namna hiyo siku ile walikuwa kazini, na aliyekuwepo tangu mwanzo hadi mwisho ni mimi. Nitaisimulia vibaya. Mkiona nimeongeza chumvi, jueni chumvi ilikuwepo. Mkiona nimejitokeza kama mtu mwenye akili, hapo ndipo nimedanganya.

Kijiwe chetu kiko nje ya ukuta wa kituo cha afya cha ma sœur, yaani masista, hatua chache kutoka reli, hapa Likasi. Ni benchi moja ya mbao, mbabula moja ya Mama Blandine, yaani jiko lake la makaa, na juu ya mbabula birika la kahawa lililopinda mdomo. Benchi ina miguu minne: mitatu inakubaliana, wa nne una mawazo yake. Upande wa huo wa nne ndio kiti changu, kwa sababu wenzangu walinitangulia kuchagua. Lakini kwa majuma sita sasa benchi ilikuwa imetulia kama altare, haichezi hata kidogo. Kazi yangu hiyo, na hakuna hata mmoja aliyesema aksanti. Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi. Courant, yaani umeme, imekatwa kama programu inavyosema, itarudi saa tano. Hewa ina harufu ya kahawa na ya treni.

Tulikuwa watatu. Wa kwanza Papa Ruphin, fundi wa mashine za kituo kwa miaka kumi na moja, sasa yuko pensheni, lakini kila asubuhi anavaa shati ya kazi na kuja kukaa nje ya ukuta. Tunamwita Papa Zéro, mtaona sababu. Wa pili Kabamba, tunamwita Kilovolt, alifanya kazi Koni kwenye mitambo ya umeme, na tangu hapo kila tatizo la dunia hii, hata la ndoa, kwake linatoka kwenye volti. Wa tatu mimi, Rideau, kwa Kifaransa ni pazia. Nilikuwa mchekeshaji wa jukwaani, na siku moja nilivuta pazia kwa nguvu likaniangukia mimi na mpiga ngoma. Watu wakapiga makofi kuliko siku zote. Jina likabaki.

Akatokea Arlette, fundi mpya wa kituo, laptop chini ya kwapa, uso kama mtu aliyeitwa na mwalimu.

ARLETTE: Yambo ba papa. Yambo, mama Blandine. Papa Ruphin, niko na saa mbili.

PAPA ZÉRO: Za kuishi?

ARLETTE: Za kazi. Lakini ni karibu kitu kimoja.

Mambo yenyewe yalikuwa haya. Majuma sita nyuma, serveur ya kituo iliungua. Serveur ni ile kompyuta mama inayotunza dossier za wagonjwa wote. Kompyuta ya réception, ya labo na ya pharmacie zote zinamuuliza yeye. Ilitoa moshi, ikatoa harufu, ikanyamaza. Mimi mwenyewe nilisaidia kuibeba nje, na mgongo wangu unakumbuka mpaka leo. Namshukuru Mungu dossier zilikuwa zimenakiliwa pembeni. Serveur mpya ilifika Jumamosi. Inawaka vizuri, dossier zimekwisha kuingizwa ndani, ila haijaunganishwa na wenzake, iko kama mgeni aliyefika karamuni hajatambulishwa. Na kuna namna mbili za kuitambulisha: ya zamani, aliyoitumia Papa Zéro miaka yote kumi na moja, na ya sasa, iliyokuja ndani ya mashine mpya.

Ma sœur Clotilde, mkubwa wa kituo, aliweka masharti mawili kwenye karatasi. Sharti la kwanza: saa tano, courant ikirudi, yeye anakaa mbele ya kompyuta ya réception na anataka kuona jina la mgonjwa. Sharti la pili: Papa Ruphin awe ametia sahihi kwamba anakubali namna iliyochaguliwa. Moja likikosekana, anamwita mtaalamu wa Lubumbashi, ambaye alikwisha kutuma picha yake amevaa kravate. Na Arlette, mwenye miezi mitatu tu ya kujaribiwa, atarudia kuuza unité, vocha za simu, mbele ya gare ya treni.

Arlette akatandika hiyo karatasi juu ya benchi, akaweka na bic, kalamu yake ya wino.

ARLETTE: Papa, sahihi moja tu. Kila kitu nimekwisha kuandika mu laptop. Courant ikirudi, naingiza, nimemaliza.

PAPA ZÉRO: Umeandika na namna gani?

ARLETTE: Ya sasa.

PAPA ZÉRO: Mama Blandine, nitilie kahawa. Tuko hapa mpaka kesho.

Tukasogeleana. Laptop ilikuwa na asilimia kumi na tisa za betri.

PAPA ZÉRO: Kwanza, jina. Zamani, carte ya réseau, ile kadi yenye inaingia kamba, ilikuwaka na jina ya muntu: eth0. Eth, zéro. Fupi. Unaita, inaitika. Hii ya sasa inaitwa nani?

ARLETTE: enp3s0, papa.

PAPA ZÉRO: Rudilia.

ARLETTE: E, n, p, tatu, s, zéro.

PAPA ZÉRO: Hiyo ni jina ya carte ao ni nambari ya plaque ya camion?

MAMA BLANDINE: Zéro iko palepale ku mwisho, Papa Ruphin. Hawakukusahau.

ARLETTE: Hiyo jina inaonyesha fasi carte inakaa ndani ya mashini. Zamani ukitia carte ya pili, pengine siku moja eth0 anaamka, anakuta mwenzake amekamata jina yake.

MIMI: Kama muntu mwenye anarudia ku nyumba, anakuta mwingine anaitika "papa".

PAPA ZÉRO: Kwangu carte ilikuwa moja. Nyumba yangu ilikuwa na adabu.

ARLETTE: Sawa, papa. Angalia basi hii fichier, hii karatasi ya ndani ya mashini. Iko fupi. Hapa ni jina ya carte. Hapa ni adresse, nimetia X kwanza. Hapa ni mlango wa kutokea kwenda internet. Njo yote.

KILOVOLT: Na hizi fasi tupu mbele ya mistari?

Ndugu zangu, asingeuliza. Ningemwekea mkono mdomoni kama ningejua.

ARLETTE: Hizo ni sheria yake. Kila mustari unaingia ndani kidogo: fasi mbili, ine, sita. Moja ikipungua, inakataa fichier yote.

Papa Zéro aliweka kikombe chini polepole, kama hakimu.

PAPA ZÉRO: Mumesikia? Miaka kumi na moja mi niliandikaka mistari yangu, mashini ikasoma yenye niliandika. Hii inasoma yenye sikuandika!

KILOVOLT: Ni voltage.

ARLETTE: Hapana, Papa Kabamba.

KILOVOLT: Ngoja nikuelezee, mutoto yangu. Herufi ni kintu. Iko na uzito, inabakia fasi uliitia. Sasa fasi tupu iko na uzito gani? Hakuna. Courant yetu hapa mu quartier inatufikia imechoka. Ikishuka ku volti mia moja makumi munane, chenye kinakufa cha kwanza ni fasi tupu. Uliandika ine, mashini inaona tatu na nusu.

ARLETTE: Haina nusu, papa.

KILOVOLT: Juu ya vile haujapima.

MAMA BLANDINE: Basi atie tano, moja ikufe.

KILOVOLT: Unaona? Mama Blandine anafahamu umeme kushinda université.

Arlette alifunga macho. Nadhani alikuwa anaomba. Ana familia ya kanisa la uamsho, huko wanaomba haraka. Alipofungua, betri ilikuwa kumi na nne.

ARLETTE: Ba papa, munisikilize. Ya sasa iko na jambo moja ya zamani haikuwa nayo. Kuna amri ya kujaribu. Unaitoa, serveur inageuza mipango, kisha inakuuliza: uko vizuri, niendelee hivi? Inangojea dakika mbili. Ukikosea ukajifungia inje, hauwezi kujibu. Dakika mbili zikiisha, yeye mwenyewe anarudisha kila kitu vile kilikuwa.

Mama Blandine, aliyekuwa anapuliza makaa, akainuka na upepeo mkononi.

MAMA BLANDINE: Rudilia hapo.

ARLETTE: Inarudisha kila kitu vile kilikuwa.

MAMA BLANDINE: Mbele ya hapo. Inauliza?

ARLETTE: Inauliza.

MAMA BLANDINE: Na inangojea jibu?

ARLETTE: Dakika mbili.

MAMA BLANDINE: Na ukinyamaza, inajua kama kunyamaza ni hapana?

ARLETTE: Ee, mama.

MAMA BLANDINE: Nipe ile bic, natia sahihi miye. Miaka makumi mbili na tatu niko mu ndoa...

PAPA ZÉRO: Mama, tunazungumuza mashini.

MAMA BLANDINE: Na miye pia.

Akajaza kikombe cha Arlette bila kuombwa. Papa Zéro akaona kwamba upepo unageuka, akachukua njia nyingine.

PAPA ZÉRO: Arlette, mutoto yangu, Jumamosi niliingia mu chumba, nikakaa mbele ya ile mpya. Nikamwandikia salamu yangu ya kila siku: ifconfig. Miaka kumi na moja namwandikia mwenzake vile, ananionyesha kadi yake yote, hanifichi kitu. Huyu unajua alinijibu nini? Eti neno hilo halijui. Anijibu hivyo miye!

ARLETTE: Sasa unamwandikia "ip a", papa. Herufi tatu tu, na anakuonyesha kupita zamani.

PAPA ZÉRO: Kwanza abadilishe jina ya carte, kisha abadilishe namna ya kuandika, kisha abadilishe salamu. Nikitia sahihi hapa, ninasema nini? Ninasema Ruphin alikuwa kosa ya miaka kumi na moja.

Hapo hakuna aliyecheka, hata mimi, na mimi nilipata kucheka kwenye mazishi ya bosi wangu. Arlette akamsogelea.

ARLETTE: Papa, hakuna mutu anasema vile. Yenye uliandika ni ileile: nani, wapi, mlango gani. Maandiko tu njo yamebadilika. Naweza kuondosha hii ya sasa, nikarudisha yako, inawezekana, nusu saa. Lakini siku mashini itajipandisha ku version mpya, ya sasa itarudia yenyewe, zitakutana mbili humo ndani, na siku hiyo wewe utakuwa wapi?

PAPA ZÉRO: Hapa, ku benchi.

ARLETTE: Na siku hauko ku benchi?

Papa Zéro akatazama bic. Nawaambia, mkono ulikwenda. Ulikwenda hadi nusu ya njia! Mtu mwenye busara angenyamaza dakika moja tu, Arlette angepata sahihi yake, na habari ingeishia hapa kwa furaha.

MIMI: Juu ya nini kuchagua? Mutie zote mbili!

Mkono ukarudi.

PAPA ZÉRO: Rideau kwa mara ya kwanza amesema neno.

ARLETTE: Papa Rideau, haiwezekani. Zote mbili zitapigania carte moja. Hii inampa adresse, ile inamunyanganya.

MIMI: Mutoto, hayo mi ninayajua ku jukwaa. Wote wawili wapande, mwenye nguvu ataonekana.

Nikawapa mfano, maana sijui kuacha. Zamani tulicheza Kambove mchezo wa chefu wa kijiji aliyefiwa na mwana. Mwenye nafasi ya chefu aliugua, mkubwa wetu akanipa mimi. Asubuhi mgonjwa akapona, hakuna aliyemwambia. Pazia linafunguka, kushoto anaingia chefu na ngozi ya chui, kulia naingia mimi na ngozi ya chui, ileile, nilikuwa nimeikata nusu, naye hakuuliza nusu ya pili ilikwenda wapi. Kiti cha enzi kimoja. Tukakaa wote wawili, kila mtu na tako moja. Mjumbe anaingia analia, "Chefu, mwana wako amekufa," tukajibu kwa pamoja, "Yupi?" Watu walicheka robo saa nzima. Ulikuwa mchezo wa kuomboleza.

ARLETTE: Na kiti?

MIMI: Kilivunjika.

ARLETTE: Basi njo vile itakuwa serveur.

Nikagundua kwamba mfano wangu ulikuwa unamtetea yeye. Hutokea.

Tukapiga kura. Wazo langu tena, naomba radhi. Kikombe kilichosimama ni ya zamani, kikombe kilichogeuzwa ni ya sasa. Mama Blandine akageuza. Arlette akageuza. Papa Zéro akasimamisha chake na kukishika kwa mikono miwili. Kilovolt alitaka kugeuza, akakumbuka kimejaa, akakinywa kwanza chote kwa heshima ya kura, akajiunguza ulimi, akakisimamisha kwa hasira. Wawili kwa wawili. Wote wakanitazama mimi. Mimi chombo changu ni kopo la maziwa, juu na chini ni sawasawa, hakuna aliyeweza kusema nimepiga kura gani.

KILOVOLT: Mi nitaamua, na ulimi wangu huu wenye kuungua. Siri yote ni maji. Ya zamani ilitengenezwaka kwa courant ya maji. Courant ya maji iko nzito, inatembea na heshima. Ku Koni, turbine ilikuwa inaimba, tena sauti ya pili, kama kwaya. Hii ya sasa waliitengeneza batu ya courant ya jua. Njo mana iko na haraka, njo mana inahesabu dakika mbili tu. Muntu wa maji hawezi kuuliza dakika mbili!

MAMA BLANDINE: Na mvua ikinyesha?

KILOVOLT: Hapo zinachanganyika. Inaweza kukupatia jina ya mugonjwa wa Kolwezi.

ARLETTE: Papa Ruphin, iko saa ine na nusu.

Betri asilimia sita. Sauti yake ilikuwa imepungua pia. Alikuwa ameanza kukunja ile karatasi ya ma sœur kwa vidole, kidogo kidogo, kama mtu anayekunja nguo za safari.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja, vumbi hadi magotini, kikapu cha viazi vitamu kichwani, kingine mkononi. Baadaye tulijua jina lake ni Orpha, wa Kapolowe, na kwamba alishuka kwenye camion ya mizigo pale barabarani muda uleule.

ORPHA: Yambo. Kwenda Shituru, ku nyumba za kampuni, nipite wapi?

Mliona wapi wanaume watatu wa benchi wakiulizwa njia na kunyamaza?

KILOVOLT: Kamata moto, mama, zile pikipiki za taxi. Dakika kumi.

PAPA ZÉRO: Moto ya nini na hivi vikapu? Fuata reli kwa mguu. Tangu zamani batu wa Shituru wanafuata reli.

KILOVOLT: Tangu zamani walikuwa na magoti!

PAPA ZÉRO: Moto itamuangusha na viazi!

MIMI: Apande moto, viazi vifuate reli.

Orpha alishusha kikapu cha kichwani, akapokea kahawa ya Mama Blandine, akatungoja tuchoke. Hatukuchoka. Akacheka kwa pua.

ORPHA: Ba papa, mi naenda ku mwanangu wa kike, nyumba nambari makumi ine na saba, mlango wa bulu. Nikipanda moto nitafika makumi ine na saba. Nikienda na miguu nitafika makumi ine na saba. Hamuniumize kichwa. Hapa mulikuwa munagombana nini mbele nifike? Nilisikia makelele kutoka barabarani.

ARLETTE: Ni serveur, mama. Ni kompyuta ya kituo. Tunachagua namna ya kuandika adresse yake, ili zingine ziipate.

ORPHA: Na adresse yenyewe ni ngapi?

Treni ilipita. Ilikuwa ndefu. Ilipokwisha kupita, Arlette alikuwa anamtazama Papa Zéro, na Papa Zéro anamtazama Arlette.

ARLETTE: Papa Ruphin?

PAPA ZÉRO: Arlette?

ARLETTE: Mi nilitia X. Nilijua wewe utanipatia, ukikwisha kutia sahihi.

PAPA ZÉRO: Mi nilijua umekwisha kuinakili! Zile ordinateur tatu, ya réception, ya labo na ya pharmacie, zinatafuta serveur ku nambari moja, ileile, tangu miaka kumi na moja. Sikuiweka mu kichwa. Kichwa ni cha bei ya mafuta na majina ya wajukuu.

KILOVOLT: Si muangalie mu ordinateur ya pharmacie?

ARLETTE: Haina courant, papa. Courant na ma sœur watafika pamoja, na yeye hatangoja nitafute. Papa Ruphin, haukuandikaka fasi yoyote?

PAPA ZÉRO: Niliandika! Na bic nyekundu, ku carton ngumu ya boksi, kubwa kama bango ya uchaguzi. Nikaibandika ku kichwa ya serveur ya zamani.

ARLETTE: Na ile carton iko wapi?

PAPA ZÉRO: Ilitoka na mashini.

MAMA BLANDINE: Na mashini, nani aliibebaka?

Nilikuwa naangalia kopo langu la maziwa. Mtu akiangalia kopo kwa makini, ataona lina mengi ya kusoma.

KILOVOLT: Rideau.

MIMI: Nilibeba mashini. Kuhusu carton, sikuibeba. Ilianguka ku mlango.

PAPA ZÉRO: Ukaiacha?

MIMI: Sikuiacha, ingekuwa uchafu. Niliiokota.

ARLETTE: Ukaitia wapi, Papa Rideau?

Benchi ilikuwa imara chini yangu. Haijawahi kuwa imara namna ile. Nilijaribu kuitikisa kidogo, kwa siri, nikimwomba Mungu icheze. Haikucheza.

MIMI: Simameni.

KILOVOLT: Kwa nini?

MIMI: Simameni tu.

Mama Blandine ndiye aliyeinua benchi, kwa mkono mmoja. Chini ya mguu wa nne, imekunjwa mara nne, imekaa vizuri kama biskuti, ilikuwepo carton. Arlette akapiga magoti ndani ya vumbi, akaikunjua. Namba ilikuwepo yote, nyekundu, kasoro pembe moja iliyotobolewa na mguu, na juu ya namba neno moja la mkono wa Papa Zéro: MUSIGUSE.

Arlette hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alifuta X, akaandika namba, akahesabu fasi tupu zake kwa kidole, betri asilimia tatu. Kisha akainua macho.

ARLETTE: Papa Ruphin. Nambari ni yako. Nani, wapi, mlango gani. Namna gani, unaniambia weye.

Papa Zéro alipitisha kidole juu ya ile namba nyekundu. Akachukua bic, akanyoosha karatasi ya ma sœur juu ya goti lake, akatia sahihi, ile ndefu yenye mkia, ya siku za mshahara. Chini akaongeza kitu. Nilichungulia. Aliandika: "Namba ni ya zamani."

Na hapo friji ya pharmacie ikaanza kunguruma nyuma ya ukuta, redio ya jirani ikaruka katikati ya wimbo, na Arlette akakimbia.

Tukamfuata sote, hata Orpha na vikapu vyake. Arlette aliingiza fichier, akatoa ile amri ya kujaribu. Serveur ikauliza kama iko sawa, ikaanza kuhesabu kurudi nyuma, mia moja na kumi na tisa, mia moja na kumi na nane. Arlette akakimbia réception, akagusa, akarudi mbio.

ARLETTE: Zinaonana! Papa, kubali wewe!

Papa Zéro akasogea, akanyoosha kidole kimoja kama anayebariki mtoto, akabonyeza. Ilikuwa imebaki kumi na moja. Mama Blandine alikuwa analia. Alisema ni makaa.

Ma sœur Clotilde alikuwa amekwisha kukaa réception, mikono juu ya meza, miwani puani. Akasoma karatasi, akasoma sahihi, akasoma na mstari wa chini.

MA SŒUR: Bon. Nionyeshe mugonjwa.

ARLETTE: Yupi, ma sœur?

Akageuza kichwa taratibu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, mkubwa, nimezuia mwanga wote.

MA SŒUR: Yule.

Arlette akaandika jina langu. Sekunde moja, mbili. Dossier ikafunguka, nzima, na picha yangu na kila kitu. Arlette akakaa chini sakafuni kwa furaha. Kilovolt alinong'ona kwamba volti leo ni nzuri. Na ma sœur, ambaye anapenda kuhakikisha, akaanza kusoma kwa sauti yake ya kanisani.

MA SŒUR: "Kalenga Augustin, miaka makumi tano na moja. Ameanguka kutoka benchi ya nje, mara ya tatu mwezi huu. Mgongo. Ushauri wa muganga: atafute kitu kigumu, akikunje, akiweke chini ya mguu wa benchi."

Tarehe yake ilikuwa majuma saba nyuma, siku chache kabla serveur haijaungua. Wakageuka wote kunitazama, na Orpha pia, ambaye alikuwa amenifahamu kwa nusu saa tu.

Ndugu zangu, tangu nizaliwe nimeandikiwa vidonge, nikavitupa; nimekatazwa chumvi, nikaongeza; nimeambiwa nitembee, nikakaa. Ushauri wa muganga nimeufuata mara moja tu katika maisha yangu, na kidogo nifunge kituo kizima.